Kupima na Kupunguza

Neno lililoingiza hofu nyumbani kwa Dobi lilikuwa neno la kawaida kabisa, neno ambalo hata mtoto wa darasa la kwanza analijua kwenye hesabu: kupunguza.

Dobi mwenyewe ndiye aliyelileta. Alikuwa ameitwa kwenye mkutano wa wazabuni wa halmashauri, yeye anayefua shuka za hospitali, pamoja na watu wa mikate, wa maziwa, wa matofali, wa kuzoa taka, na jirani yake fundi cherehani aliyeshona mapazia ya ofisi zote zile. Fundi huyo walimwita Mkasi kwa sababu ya kazi yake na, tuseme ukweli, kwa sababu ya mdomo wake. Wenye magari walikaa mbele. Dobi alifika na viatu vilivyolowa maji, mlinzi akamwambia mlango wa mizigo uko nyuma, na alipoeleza kwamba leo hakuleta shuka bali ameitwa yeye kama yeye, mlinzi alimpandisha na kumshusha kwa macho kabla ya kumpisha. Viti vilikuwa vimekwisha. Akasimama ukutani, chini ya spika iliyokuwa ikikoroma kama mzee mwenye kifua, na alichokisikia hapo ndicho alichokileta nyumbani.

"Wanakuja kutupima," alimwambia mkewe kabla hata hajavua viatu. "Kila mzabuni. Wanapima hewa ukaa, halafu wanapunguza."

"Wanapunguza nani?"

"Wazabuni. Nani mwingine?"

"Wamesema hivyo? Kwa mdomo wao?"

"Yule binti wa halmashauri kasimama kasema, lengo letu ni kupima na kupunguza. Nimesikia kwa masikio yangu haya. Mkasi naye kasikia. Kaniambia, Dobi, mwenye moshi mwingi ndiye atakayetangulia, na hapa hakuna mwenye moshi kukushinda wewe. Kwako watu wanaanika nguo nyeupe wanaanua za kijivu."

Mke wa Dobi aliliweka beseni chini polepole. Nani asiyejua kupunguzwa? Kaka yake alipunguzwa kiwandani, na mpaka leo akiulizwa anafanya kazi gani hujibu kwamba anapumzika. Mume wa mdogo wake alipunguzwa kwenye shule, baada yake wakampunguza na mpishi. Nusu ya mtaa ule ilikuwa imepunguzwa mahali fulani. Neno lenyewe halikuwa na ukali wowote, lilisemwa kwa upole, tena mara nyingi kwa chai na hotuba ya shukrani, na kesho yake mtu anaamka hana pa kwenda.

"Hiyo hewa inaitwaje?" sauti ilitoka chumba cha pasi.

"Hewa ukaa, mama," Dobi akajibu.

"Si ikae! Imekuja kwa nani?"

Huyo alikuwa mama yake Dobi, na hakuna neno lililopita katika nyumba ile bila yeye kulidaka. Alipiga pasi tangu marehemu mumewe alipokuwa dobi, kwa pasi nzito ya mkaa aliyokataa kuiacha hata umeme ulipoletwa, kwa kuwa umeme, alisema, una kiburi, unakuja ukitaka. Mkono wake ulikuwa umezoea njia moja: mbele, nyuma, mbele, kunja. Yeye ndiye aliyemwita mkewe Dobi "mgeni." Alimwita hivyo siku ya kwanza alipoletwa bibi harusi, na hakuacha hata baada ya wajukuu watatu.

"Mgeni siku mbili," angesema kila asubuhi, akimsubiri mkwewe mlangoni.

"Ya tatu mpe pasi," mkwewe angemalizia, kwa kuwa katika nyumba ya dobi jembe la nini. Wangecheka, kisha kazi ingeanza. Kulikuwa na siku waligombana vibaya juu ya chumvi, juu ya watoto, juu ya nani kaunguza shuka, lakini asubuhi neno hilo halikukosa kusemwa, na siku ingeanza bila hilo ingeonekana kama imeanza kwa mguu mbaya.

*

Kwa nini waogope hivyo? Kwa sababu zabuni ile ndiyo iliyokuwa nyumba yenyewe. Ada za watoto zilitoka kwenye shuka. Paa lilitoka kwenye shuka. Pikipiki ya miguu mitatu ya kubebea mizigo ilinunuliwa kwa shuka, na bado haijamalizwa kulipwa. Halafu kulikuwa na lile wasilolisema: kwamba ua wao kweli ulikuwa na moshi. Pipa la kuchemshia lilikaa juu ya mawe, na chini yake walichoma kuni, na kuni zilipokuwa mbichi walichoma mabaki ya mbao yenye rangi, na siku mbao zilipokosekana, Dobi alitupia vipande vya tairi kuamsha moto. Ukuta wa ua ulikuwa mweusi kama sufuria ya msiba. Majirani walinung'unika, wakanyamaza, wakanung'unika tena.

"Watakuja na mashine," Mkasi alisema, akiwa ameegemea uzio kama kwao hakuna kazi. "Inanusa. Inasimikwa pale nje, inanusa kila kinachotoka. Huwezi kuidanganya."

"Wewe watakupunguza nini? Cherehani haina moshi," mke wa Dobi alimjibu.

"Mimi? Mimi nina amani." Akacheka, akaondoka na amani yake.

Mkewe Dobi hakulala vizuri siku zile. Alikuwa akifua akiwaza, akianika akiwaza. Hofu ilimkaa, ikamfanya asahau chumvi, ikamfanya amkaripie mtoto aliyeomba kalamu. Na hofu, jamani, ikikaa na mtu muda mrefu huanza kumpa ushauri. Asubuhi moja aliinuka kutoka kwenye beseni na uso umemng'aa.

"Baba watoto. Wanapima kinachotoka nje, sivyo?"

"Ndiyo."

"Sasa kisipotoka?"

Dobi alimtazama.

"Siku hiyo tusiwashe kuni kabisa," mkewe akasema. "Tununue mkaa. Mkaa hauna moshi. Pipa tuliingize chumba cha pasi, tulichemshe humo humo kwenye jiko kubwa. Dirisha tulizibe kwa magunia, tundu la juu tulizibe, na magunia tuyaloweshe maji yasipitishe kitu. Huyo mwenye mashine atasimama hapa uani anuse mpaka achoke. Atakuta hewa safi kama ya mlimani."

"Mkaa ni ghali."

"Na kupunguzwa je, ni rahisi?"

Dobi alikuna kichwa. Kisha akacheka, kicheko cha mtu aliyeona mlango. "Wewe mwanamke una akili," alisema, na yeye ndiye aliyekwenda kuyatafuta magunia, ndiye aliyepanda ngazi na kuziba tundu la juu kwa mikono yake. Tuliweke hilo sawa mapema, maana baadaye kila mmoja alikuja kusahau upande wake.

*

Siku ya kupimwa waliamka mapema wakafagia ua mara mbili. Majivu yote walitia kwenye ndoo wakayaficha nyuma ya choo. Watoto walipelekwa shule na onyo: wakiulizwa na mtu yeyote kuhusu kuni, wao hawajui kuni ni nini.

Kufua hakukuweza kuahirishwa. Wagonjwa hawasubiri mkaguzi. Shuka za wodi zilitakiwa mchana. Kwa hiyo pipa liliingizwa chumba cha pasi, likawekwa juu ya jiko kubwa la mkaa, na pasi mbili zikajazwa makaa yaliyokolea, na mama mkwe akaingia, akaketi kwenye kigoda chake mbele ya meza. Dirisha lilizibwa. Magunia yalitona maji. Mlango ulifungwa, na chini yake wakasukuma shuka kuukuu.

"Mnanipika au mnanifua?" mama mkwe aliuliza.

"Ni kwa leo tu, mama."

"Joto hili, mgeni! Ningekuwa shati ningekwisha kunyooka."

Mkewe Dobi alicheka, akatoka. Moshi haukuonekana popote. Watu husema palipo na moto hapakosi moshi. Yeye alisimama uani, akatazama juu ya bati, hakuona hata uzi mmoja, akajisifu moyoni.

Binti wa halmashauri alitakiwa kufika asubuhi. Hakufika. Walingoja. Jua lilipanda. Mkewe Dobi aliingia chumbani mara moja kuchukua shuka zilizokwisha kukunjwa, akamkuta mama mkwe ameegemeza kiwiko mezani.

"Kichwa kinanigonga," alisema mama mkwe. "Hebu fungua dirisha kidogo."

"Mama, tafadhali. Sasa hivi anafika. Vumilia hata dakika chache."

"Kichefuchefu hiki nacho."

"Ni joto tu, mama. Nitakuletea maji."

Akatoka kwenda kuchota maji. Akiwa bado na kikombe mkononi, geti likagongwa.

Angeweza kupeleka kikombe kwanza. Hili alikuja kulirudia moyoni mara nyingi kuliko sala yoyote. Lakini mlango wa chumba cha pasi ungefunguka mbele ya mgeni, na mgeni alikuwa amekwisha kusema hodi. Alikiweka kikombe juu ya ukingo wa tangi, akajifuta mikono, akaenda kumpokea.

*

Afisa, yule yule binti wa mkutanoni, alikuwa msichana mwembamba mwenye vumbi mpaka magotini, amekuja kwa miguu, na begani alibeba begi kubwa. Begi hilo ndilo Dobi alilolitazama. Aliona limevimba. Aliona mpini umechungulia.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama. Mnisamehe kwa kuchelewa, nilianzia kwa fundi hapo jirani. Mtu yule anazungumza!"

"Marahaba. Karibu, karibu sana, keti."

Akaketi kwenye benchi, akaweka begi miguuni. Alipongeza usafi wa ua. Kisha akaanza kuuliza, taratibu, kama mtu aliyekuja kuposa. Mnafua mara ngapi kwa wiki? Shuka mnazipeleka kwa kitu gani? Na maji mnachemsha kwa nini, kuni?

"Kuni?" Dobi akasema, kama aliyetajiwa mnyama wa nchi nyingine. "Hapana. Sisi hatuna habari na kuni."

Afisa aliinua macho, akautazama ukuta mweusi uliokuwa nyuma ya kichwa cha Dobi. Alitazama, akarudisha macho chini. Dobi aliona aibu ikimpanda shingoni kama maji ya moto.

Mkewe hakuweza kuvumilia tena. "Dada yangu," alisema, "toa tu hiyo mashine upime, uondoke. Usituzungushe."

"Mashine gani, mama?"

"Ya kunusa. Iliyo humo begini."

Afisa aliduwaa. Kisha akalifungua begi mbele yao, akatoa kimoja kimoja: mwavuli, chupa ya maji, kalamu, kikokotoo cha shule. "Mashine yenyewe hii," alisema, akiinua kikokotoo, na kucheka kulianza kumponyoka. "Mama, mimi sinusi. Nauliza tu. Mnachoma kuni kiasi gani, mkaa kiasi gani, pikipiki inakunywa mafuta kiasi gani, halafu napiga hesabu. Kipimo changu ni ukweli wenu, basi."

"Halafu mnatupunguza," Dobi akasema.

"Nawapunguza?"

"Mlisema mkutanoni. Kupima na kupunguza."

Msichana alibadilika uso. "Lo! Baba! Ninyi ndivyo mlivyosikia? Kinachopunguzwa ni moshi! Ni kuni! Halmashauri inataka kila anayeiuzia huduma ajue anachoma nini, halafu tumsaidie achome kidogo. Hakuna anayetolewa. Mwenye moshi mwingi ndiye tunayeanza naye, kuna majiko ya kuchemshia yanayokula kuni chache mno. Mimi nimewaweka ninyi miongoni mwa wa kwanza kwa sababu niliambiwa mna moshi. Nilikuja kuwasaidia."

Mkewe Dobi alicheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, machozi yakamtoka, hofu ya siku zote zile ikimtoka pamoja nayo. Dobi naye akacheka, akajipiga paja, akasema Mkasi huyu, Mkasi huyu nitamshona mdomo kwa cherehani yake mwenyewe.

"Mama!" mkewe Dobi aliita kuelekea chumba cha pasi, bado anacheka. "Mama, umesikia? Hatupunguzwi!"

Alingoja jibu. Mama mkwe hakuwahi kuacha neno lipite.

"Mama?"

Afisa aligeuka kutazama alikotazama yeye. Akaona magunia yaliyolowa dirishani. Akaona shuka chini ya mlango. "Humo ndani kuna mtu?" aliuliza. "Kuna nini kinachowaka humo?"

"Mkaa tu," mkewe Dobi alisema. "Hauna moshi."

Msichana alikwisha kusimama. Alikuwa anakimbia.

*

Harufu iliyowapokea ilikuwa ya kitambaa kinachoungua. Pasi ilikuwa imesimama juu ya shuka, imelitoboa na kuanza kuila meza. Mama mkwe alikuwa chini, ubavu kwenye kigoda kilichoanguka, na mashavu yake yalikuwa mekundu, mazuri, kama ya mtu aliyetoka kuoga. Wekundu ule ndio uliomtisha mkewe Dobi kuliko kitu chochote alichowahi kukiona.

"Msipumue humu! Mtoeni! Fungueni, fungueni kila kitu!" afisa alipiga kelele. Dobi alimbeba mama yake mikononi kama furushi. Mkewe alirukia magunia, akayavuta, yakamwangukia usoni na maji yake machafu, akavuta mengine, akavunja kioo kwa kiganja. Damu ilimtiririka, hakuihisi. Uani walimlaza mama mkwe juu ya saruji waliyoifagia mara mbili.

"Anapumua," afisa alisema, sikio kifuani. "Anapumua, lakini hafifu. Hospitali. Sasa hivi."

Pikipiki ilikuwa imekwisha kupakiwa shuka safi za mchana. Hawakuzishusha. Wakamlaza juu yake, mkewe Dobi akapanda akashika kichwa, afisa akapanda akashika miguu, na Dobi akaendesha akipiga honi na kulia kwa sauti, mwanamume mzima, mbele ya mtaa mzima. Mkasi alitoka dukani kwake na futi shingoni. Akaivua, akaishika mkononi.

"Ile hewa mliyokuja kupima ndiyo hii?" mkewe Dobi aliuliza njiani, upepo ukimkata maneno.

"Hapana, mama. Hii ni nduguye. Ile inaharibu polepole, huko juu. Hii haionekani, hainuki, ikifungiwa ndani inaua."

"Tulizuia isitoke," mkewe Dobi alisema. "Mimi nilizuia. Yeye alisema ikae, na mimi nikaikalisha."

Afisa alishika ile miguu kwa nguvu zaidi.

*

Hospitalini walimwekea mama mkwe oksijeni haraka, hilo haliwezi kukanushwa. Muuguzi alivuta kitanda, kikawa na godoro tupu la plastiki, lenye michirizi.

"Hakuna shuka?" Dobi aliuliza.

"Shuka hakuna tangu asubuhi," muuguzi alijibu bila kugeuka, akifunga mrija. "Dobi wetu leo hajaleta. Wagonjwa wanalala kwenye plastiki, na wewe unaniuliza mimi."

"Dobi ni mimi," akasema Dobi.

Muuguzi aligeuka, akamtazama yeye, akamtazama mgonjwa. Dobi alitoka nje, akarudi na shuka moja kutoka kwenye pikipiki, lile lililokuwa chini kabisa ambalo halikuguswa, na akamtandikia mama yake. Mikunjo ilikuwa bado imesimama, minne na minne, kazi ya mama mwenyewe ya asubuhi ile.

Daktari aliuliza maswali. Alikaa humo ndani muda gani? Dirisha lilifungwa? Kwa nini, na joto hili?

"Upepo," Dobi akasema. "Ulikuwa unapeperusha shuka."

"Si upepo," mkewe akasema. "Tulikuwa tunaficha moshi."

"Mnamficha nani?"

Afisa alikuwa amesimama hapo hapo, begi lake kifuani, akitazama sakafu.

Daktari alipoondoka, Dobi alimvuta mkewe mpaka mwisho wa ukumbi. "Lilikuwa wazo lako," alisema.

"Ndiyo."

"Mama alikuomba ufungue dirisha?"

Angeweza kusema hapana. Hakukuwa na shahidi. "Aliniomba," alisema. "Nikamwambia avumilie. Nikamwambia namletea maji, na sikuyapeleka."

Dobi aliinua mkono, akaushusha, akajishika uso nao. "Na mimi nilipanda ngazi," alisema baadaye, kwa sauti ndogo. "Lile tundu la juu, ningeliacha hilo tu. Lilikuwa dogo, lakini ningeliacha." Wakasimama hivyo, hakuna anayemgusa mwenzake, watu wakiwapita na ndoo na sahani. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Wao walikuwa wamezaa, wakaficha, na walichokificha kilikuwa kimelala pale kitandani na mrija puani.

*

Asubuhi yake afisa alirudi. Macho yalikuwa yamemvimba. Aliketi kwenye benchi la ukumbini kando ya mkewe Dobi, ambaye kiganja chake kilikuwa kimefungwa bendeji.

"Sikupata usingizi," afisa alisema. "Niliandika ile hotuba mwenyewe, mama. Kupima na kupunguza. Nililiona neno zuri, fupi, linashikika. Nikawasomea watu waliosimama ukutani, spika inakoroma, wala sikuuliza kama mmenielewa."

"Si wewe uliyeziba dirisha."

"Hapana. Lakini fundi yule jana aliniambia, akicheka, kwamba mnaogopa mashine. Nikacheka naye. Nikamaliza soda yake ndipo nikaja."

Mkewe Dobi alimgeukia. Kwa muda alitaka kumchukia, na angeweza, ingempunguzia mzigo. Lakini aliona macho yale yamevimba kama yake.

"Zabuni yetu je?"

"Lazima niseme kilichotokea. Watu wa usalama kazini watakuja, na sijui wataamua nini. Lile jiko nitalipigania, lakini sitawaahidi kitu." Alitoa kalamu. "Mama, sasa nakuuliza tena. Huwa mnachoma nini?"

"Kuni," mkewe Dobi alisema. "Mbao zenye rangi. Tairi, siku zikikosekana. Mkaa, siku moja." Aliyasema yote, kimoja baada ya kingine, bila kupunguza.

Muuguzi alichungulia mlangoni. "Ameamka," alisema. "Lakini nendeni polepole. Daktari amesema hewa ile hugusa ubongo. Wengine hurudi kama walivyokuwa, wengine inachukua muda. Msimshtue."

Dobi alikuwa tayari kando ya kitanda, ameshika miguu ya mama yake, anamwita mama, mama, naye mama anamtazama kwa upole tu. Mkewe alikaribia. Macho ya mama mkwe yaliinuka, yakamfikia, yakatulia usoni kwake, na midomo mikavu ikafunguka.

"Karibu, mgeni."

Mkewe Dobi alishika reli ya kitanda kwa furaha. "Asante, mama," alisema akilia. "Mgeni siku mbili..."

Akangoja. Mara hii alikuwa amelianza yeye, na mwenzake amalizie.

Mama mkwe alitabasamu, tabasamu la adabu, lile ambalo mtu humpa mpita njia aliyebisha hodi. "Umetokea mbali?" aliuliza.

Juu ya shuka mkono wa mama mkwe ulikuwa umeanza kutembea wenyewe, mbele, nyuma, mbele, ukiunyoosha mkunjo mmoja usiotaka kunyooka.

"Si mbali, mama," mkewe Dobi alisema hatimaye. "Hapo tu, chumba cha pili."

"Basi kaa," mama mkwe akasema. "Kaa, mgeni. Usisimame."

Akakaa.